Vita Huanzia Daftarini: Anoka, Elk River na Vijiji Vilivyokataa Kuandikwa

NA MWANDISHI WETU

*Historia ya bonde la Mto Mississippi, kaskazini mwa Minneapolis, inaonyesha kwamba mkulima anapokataa kwenda vitani hukabiliana kwanza na jirani yake mwenye kalamu, na kwamba jambo hilo watu wa Mto Sabaki, pwani ya Kenya, walilijua mapema.*

Uandikishaji wa lazima jeshini, yaani utaratibu wa kisheria unaoipa dola mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani kwake na kumvika sare bila kumuuliza kama yuko tayari, huhesabiwa kuwa shughuli ya mabunge, mawaziri na majenerali. Mashambani, hata hivyo, shughuli hiyo yote hujikusanya katika chumba kimoja kidogo chenye meza, kabati la chuma la kutunzia mafaili, na watu wachache ambao kila mkazi anawafahamu kwa majina, kwa ukoo na kwa madeni yao.

Chumba cha namna hiyo kilikuwepo Elk River, makao makuu ya Kaunti ya Sherburne katika jimbo la Minnesota, mji ulioko takriban kilomita 20 kutoka Anoka kwa anayepanda juu kuufuata Mto Mississippi. Mwezi Februari 1966, Barry Bondhus, kijana kutoka kijiji cha jirani cha Big Lake aliyekuwa ametakiwa na bodi ya uandikishaji, aliingia katika ofisi hiyo akiwa na ndoo mbili za kinyesi cha binadamu na kuzimimina ndani ya makabati yaliyohifadhi kumbukumbu za vijana wa kaunti nzima.

Kitendo hicho, ambacho wanaharakati walikuja kukikumbuka kuwa miongoni mwa mashambulizi ya mwanzo kabisa dhidi ya mafaili ya jeshi wakati wa vita vya Vietnam, hakikutoka chuo kikuu wala katika maandamano ya mjini. Kilitoka katika nyumba ya fundi wa vyuma mwenye wana wengi, ambaye alikuwa ametangaza waziwazi kwamba hatamtoa hata mmoja wao.

Swali linalojitokeza ni kwa nini hasira ya kijiji ielekezwe kwenye karatasi, ilhali vita vyenyewe vilikuwa vikipiganwa upande wa pili wa dunia. Jibu lake linahitaji kuangalia kwa kina namna dola inavyoyafikia mashamba, na kwa hilo historia ya Anoka na viunga vyake ina mafunzo mengi.

Mji wa pande mbili

Anoka umejengwa mahali ambapo Mto Rum unaingia katika Mississippi, kama kilomita 30 kaskazini magharibi ya Minneapolis, na jina lake huelezwa kuwa linatokana na neno la lugha ya Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, lenye maana ya "pande zote mbili". Maana hiyo, iliyohusu kingo za mto, inafaa pia kuelezea nafasi ya eneo hilo katika historia ya vita vya Marekani, kwa sababu limewahi kusimama upande wa waliojitolea na upande wa waliokataa.

Upande wa kwanza ndio unaosimuliwa kwa fahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipolipuka Aprili 1861, Gavana Alexander Ramsey wa Minnesota, ambaye wakati huo alikuwa Washington, alikuwa wa kwanza kumtolea Rais Abraham Lincoln ahadi ya askari 1,000. Anoka hudai kwamba mkazi wake, Aaron Greenwald, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kujiandikisha kwa hiari katika jeshi la Muungano, ingawa Saint Paul nayo ina mtu wake, Josias King, inayempa heshima hiyo hiyo. Greenwald alijeruhiwa katika mapigano ya Gettysburg mwezi Julai 1863, na majeraha hayo yakamuua.

Mwaka huo huo wa kifo chake ulikuwa mwaka ambao hiari ilikwisha. Mwezi Machi 1863, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume kwa lazima, na ndani yake likaweka mlango wa kutokea kwa wenye uwezo: aliyeitwa angeweza kulipa dola 300, au kumtafuta mtu mwingine wa kwenda badala yake. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko akiba ya kibarua wa kawaida wa shambani, na ndipo ilipoenea kauli kwamba vita hivyo ni vya matajiri ila wanaopigana ni maskini, kauli ambayo ilirudi katika mashamba ya Minnesota kila vita vipya vilipoanza.

> Greenwald alikwenda kwa hiari mwaka 1861. Mwaka aliokufa ndio mwaka ambao hiari ilikwisha.

Mavuno ya 1917

Sheria ya Mei 1917, iliyoanzisha uandikishaji wa lazima kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilifuta mlango wa fedha na kuanzisha chombo kipya: bodi ya mtaa, yaani kamati ya raia wa kawaida wanaoteuliwa katika kila kaunti ili waamue nani aende na nani abaki. Tarehe 5 Juni 1917, wanaume wote wenye umri wa miaka 21 hadi 30 walitakiwa kujitokeza waandikwe.

Minnesota ya wakati huo ilikuwa nchi ya wahamiaji, kwani sensa ya 1910 ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya wakazi wake walizaliwa ng'ambo au walikuwa na mzazi aliyezaliwa huko, wengi wao Wajerumani na watu wa nchi za Skandinavia waliokuwa wakulima. Kwa familia ya Kijerumani kuandikwa kulikuwa na uzito wa aina mbili, kwa sababu shamba lilinyang'anywa mikono ya kazi na mikono hiyo hiyo ikatumwa kupigana na binamu zao.

Tarehe 25 Julai 1917, katika mji wa New Ulm ulioko kusini magharibi mwa jimbo, maelfu ya watu walikusanyika kusikiliza viongozi wao wakidai kwamba wanaoandikwa kwa lazima wasipelekwe ng'ambo bila ridhaa yao. Wasemaji hawakuwataka vijana waivunje sheria, walitaka ibadilishwe. Hata hivyo Gavana Joseph Burnquist alimsimamisha kazi, na baadaye kumwondoa kabisa, Meya Louis Fritsche pamoja na mwanasheria wa mji, Albert Pfaender.

Nguvu iliyotumika ilitoka katika Tume ya Usalama wa Umma ya Minnesota, chombo cha watu saba kilichoundwa Aprili 1917 na kupewa mamlaka makubwa pamoja na bajeti ya dola milioni moja. Mwezi Februari 1918, tume hiyo iliamuru wageni wote wasio raia wajiandikishe na kutaja mali zao, na kwa namna hiyo likawepo daftari la pili juu ya lile la jeshi.

Mgogoro huo ulikuwa pia wa siasa za mazao. Chama cha wakulima kilichojulikana kama Nonpartisan League, kilichozaliwa North Dakota mwaka 1915 na kuhamishia makao yake Saint Paul, kilidai kwamba kama serikali ina haki ya kuandikisha vijana basi iandikishe pia utajiri wa wenye viwanda vya unga, benki na reli. Mmoja wa waandaaji wake, Joseph Gilbert, alitoa hotuba ya namna hiyo katika mji wa Kenyon mwezi Agosti 1917, akashitakiwa kwa sheria ya jimbo iliyokataza kuwavunja watu moyo wasijiunge na jeshi, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 500. Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 1920, huku Jaji Louis Brandeis akipinga na kusisitiza kwamba raia ana haki ya kujadili mambo ya serikali yake wakati wa vita kama wakati wa amani.

Wakulima hao hawakuwa kikundi cha watu wachache waliopotoka. Katika uchaguzi wa awali wa Juni 1918, Charles Lindbergh, mbunge wa zamani kutoka Little Falls aliyekuwa amevishutumu vita hivyo katika maandishi yake, alipata takriban kura 150,000 dhidi ya Burnquist aliyepata karibu 200,000, ingawa mikutano yake ilizuiwa katika kaunti nyingi.

Kesi iliyotoka Minnesota

Pingamizi lilifika pia mahakamani, na lilifika kwa njia ya Minnesota. Kesi iliyoamua kwamba uandikishaji wa lazima unaafikiana na Katiba ya Marekani, ijulikanayo kwa jina la Arver, ilikusanya rufaa kadhaa ambazo baadhi yake zilitoka katika mahakama ya shirikisho ya jimbo hilo. Waliokataa walitumia Rekebisho la 13 la Katiba, lile lililofuta utumwa baada ya vita alivyofia Greenwald, wakisema kwamba mtu anayefanyishwa kazi ya kuua au kuuawa bila ridhaa yake yumo katika utumikishwaji.

Tarehe 7 Januari 1918, majaji wote kwa kauli moja waliikataa hoja hiyo. Waliamua kwamba utumishi wa kijeshi ni wajibu mkuu na wa heshima wa raia kwa taifa lake, na kwamba wajibu huo hauwezi kulinganishwa na utumwa. Tangu siku hiyo mlango wa katiba ulifungwa, na aliyetaka kukataa alibaki na njia tatu: kuiomba bodi imsamehe, kukimbia, au kwenda jela.

Jirani mwenye kalamu

Kufikia vita vya Vietnam, bodi za mitaa zilikuwa takriban 4,000 nchini kote. Wajumbe wake hawakulipwa mshahara. Waliteuliwa na Rais kwa mapendekezo ya gavana, na wengi walikuwa wafanyabiashara, wakulima wakubwa na askari wa vita vilivyopita. Bodi ilimpa kila kijana daraja. Daraja la 1-A lilimaanisha kwamba yuko tayari kuitwa wakati wowote, na madaraja mengine yalimwahirishia mwanafunzi wa chuo au mkulima ambaye shamba lake lilionekana kuwa la lazima kwa taifa, au yalimpangia utumishi usio wa silaha mtu ambaye imani yake ilimkataza kubeba silaha.

Waliouanzisha utaratibu huo waliusifu kwa hoja yenye mantiki. Jirani, kwa maoni yao, anajua mambo ambayo ofisi ya Washington haiwezi kuyajua: anamjua mtoto wa pekee wa mjane, anajua ng'ombe wa nani hawana mkamuaji mwingine, na anaweza kumtambua anayejifanya mgonjwa. Uandikishaji ukifanywa na majirani, walisema, utakuwa na huruma na utakubalika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mashambani maneno hayo yalikuwa na maana yake kamili. Mjumbe wa bodi angeweza kuwa mwenye benki anayeidai familia, mfanyabiashara mshindani wa baba, au mzazi aliyekwisha kuzika mtoto wake vitani na asiyeelewa kwa nini mtoto wa mwenzake abaki. Kijana aliyefika mbele ya bodi hakuruhusiwa kuwakilishwa na wakili, na maamuzi yalitofautiana mno kutoka kaunti hadi kaunti. Tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson mwaka 1966 chini ya Burke Marshall iligundua tofauti hizo, na pia iligundua kwamba Wamarekani Weusi walikuwa kama asilimia 1.3 tu ya wajumbe wote.

> Aliyemhukumu kijana wa shamba angeweza kuwa mwenye benki anayeidai familia yake, au mzazi aliyekwisha kuzika mtoto vitani.

Hesabu za miaka hiyo zinaeleza kwa nini mvutano ulipasuka pale ulipopasuka. Walioingizwa jeshini kwa lazima mwaka 1964 walikuwa kama 112,000. Mwaka 1965 wakafika takriban 231,000. Na mwaka 1966, ule wa ndoo za Elk River, walizidi 382,000. Bodi za vijijini ambazo zamani zilikutana mara chache kupitisha majina machache zilijikuta zikitakiwa kutoa watu kila mwezi.

Kwa msingi huo, kitendo cha Bondhus kinaweza kusomwa kwa usahihi zaidi. Hakikulenga kambi wala silaha. Kililenga karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo kiungo pekee kati ya kijana aliyekuwa Big Lake na mapigano yaliyokuwa Vietnam. Kiungo hicho kikichafuliwa, hata kwa siku chache, mtu haonekani na dola. Mahakama haikukubali, na Bondhus alipelekwa jela ya shirikisho, lakini wanaharakati waliokuja baadaye walilishika somo hilo. Waliomwaga damu juu ya mafaili mjini Baltimore mwezi Oktoba 1967, na waliochoma moto mafaili ya Catonsville mwezi Mei 1968, wote walifuata njia iliyokwisha kupitwa na nyumba moja ya mashambani Minnesota.

Upande wa pili wa hoja

Itakuwa si haki kuwasilisha upande wa waliokataa bila kueleza gharama ya ukataaji wao kwa majirani, maana kila bodi ilipewa idadi ya watu inayopaswa kuwatoa. Kaunti ilipotakiwa vijana kumi, ilibidi wapatikane kumi, na nafasi ya aliyekataa au aliyefanikiwa kuahirishiwa ilijazwa na aliyemfuata katika orodha. Mjini, huyo wa pili hakuwa na sura. Katika kijiji cha watu mia kadhaa alikuwa na jina, na wazazi wake waliketi kanisani kiti cha nyuma.

Ndiyo maana kukataa vita mashambani kulizua chuki iliyodumu kuliko ya mjini. Zaidi ya watu 1,000 wa Minnesota walikufa katika vita vya Vietnam, na majina yao yamechongwa katika mnara uliozinduliwa mwaka 1992 katika viwanja vya makao makuu ya jimbo, Saint Paul. Mzazi anayesoma jina la mtoto wake pale ana sababu ya kuuliza nani alikuwa mbele yake katika daftari.

Wako pia waliotetea uandikishaji kwa jina la usawa. Hoja yao ni kwamba jeshi la hiari humnunua maskini, kwa kuwa asiye na kazi ndiye huiona sare kama ajira, na kwamba taifa ambalo watoto wa wakubwa hawawezi kuitwa huingia vitani kwa wepesi. Udhaifu wa hoja hiyo ulikuwa katika utekelezaji. Kijana aliyeweza kulipa ada ya chuo aliahirishiwa, aliyemaliza sekondari na kwenda kiwandani aliitwa, na hivyo zile dola 300 za mwaka 1863 zilirudi zikiwa zimevaa joho la mwanafunzi.

Sabaki, 1914

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Minnesota kuielewa hasira ya aina hiyo, kwa sababu pwani ya Kenya iliiona nusu karne kabla ya Elk River. Wagiriama waliishi na kulima pande zote mbili za Mto Sabaki, nyuma ya Malindi, wakati serikali ya Waingereza ilipomtuma ofisa Arthur Champion kuhesabu vibanda, kukusanya kodi na kutafuta vibarua kwa ajili ya mashamba ya walowezi na kazi za serikali.

Mwaka 1913, Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyezunguka vijijini akiwahimiza watu wasitoe watoto wao, aliungana na mzee Wanje wa Mwadorikola, na viapo viwili vikafanyika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama: mukushekushe, kiapo cha wanawake, na kiapo cha fisi cha wanaume. Aliyeapa alijifunga asishirikiane na serikali, na kiapo kiliwabana zaidi wazee wa baraza walioteuliwa na Waingereza, yaani majirani waliokuwa wamepewa kalamu. Mekatilili na Wanje walikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii, wakatoroka mwezi Januari 1914 na kurudi pwani.

Vita vya dunia vilipoanza Agosti 1914, mahitaji ya vibarua yaligeuka kuwa mahitaji ya wapagazi wa jeshi. Serikali iliilipua kaya kwa baruti, watu walipotakiwa kutoa vijana mapigano yakazuka, na askari wa King's African Rifles wakatumwa kuchoma nyumba na kutwaa mifugo. Wanahistoria wanakadiria kwamba Wagiriama wapatao 150 waliuawa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, vibarua 1,000, na kuhama kabisa ukingo wa kaskazini wa Sabaki, kiasi kwamba watu wa pande mbili za mto walilazimishwa kuwa wa upande mmoja.

> Daftari lililojua kumtafuta mtu akiwa hai halikujua kuwatafuta warithi wake alipokufa.

Uandikishaji wa wapagazi ulifanywa kuwa wa lazima kisheria mwaka 1915, na mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia msako mkubwa uliotoa zaidi ya watu 100,000 katika Kenya peke yake. Kwa jumla, upande wa Waingereza ulitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na takriban 95,000 miongoni mwao walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichobaki katika majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Baada ya vita, mishahara ya maelfu ya marehemu ilibaki bila kulipwa kwa maelezo kwamba warithi hawakuweza kutambuliwa. Hapo ndipo tofauti kati ya Sabaki na Mississippi inapojitokeza wazi kuliko kufanana kwake. Mkulima wa Minnesota aliyekufa vitani aliandikwa mara mbili, katika daftari la kumchukua na katika jiwe la kumkumbuka, ilhali mpagazi wa Kigiriama, Kikamba au Kiluo aliandikwa mara moja tu. Bondhus na wenzake walikuwa raia waliosikilizwa na mahakama, hata kama ziliwakatalia. Mekatilili hakuwa na bodi ya kuiomba rufaa.

Mafaili ya miji midogo

Tukio la mwisho kubwa la Minnesota lilikuja usiku wa tarehe 10 Julai 1970, wakati vijana kutoka Minneapolis na Saint Paul walipojaribu kuvunja ofisi za uandikishaji za miji midogo ya Little Falls, Alexandria na Winona, wakakuta maofisa wa upelelezi wa FBI wakiwasubiri. Wanane walikamatwa, na saba kati yao wakahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Mmoja wa mashahidi wa utetezi katika kesi yao alikuwa Daniel Ellsberg, ambaye miezi michache baadaye aliitoa hadharani ripoti ya siri ya Wizara ya Ulinzi kuhusu vita hivyo.

Kwa mtazamo wa mashamba, tukio hilo lilikuwa na utata wake. Watu wa mjini waliichagua miji midogo kwa kuwa ofisi zake zilikuwa na ulinzi hafifu, nao walikwenda kuharibu mafaili ya vijana wasiowajua, tofauti na Bondhus ambaye jina lake mwenyewe lilikuwamo ndani ya makabati aliyoyamwagia.

Utaratibu wenyewe ulikuwa tayari unachoka. Bahati nasibu ya Desemba 1969, iliyopanga vijana kwa tarehe za kuzaliwa, iliwapunguzia majirani uamuzi, na mwaka 1973 uandikishaji wa lazima ukasitishwa baada ya watu takriban milioni 1.86 kuchukuliwa tangu Agosti 1964. Mwezi Januari 1977, Rais Jimmy Carter aliwasamehe waliokwepa, na mwaka 1980 rais huyo huyo alilirudisha daftari bila kurudisha wito.

Daftari la leo na wageni wa leo

Daftari hilo la 1980 lingalipo. Sheria inataka kila mwanamume mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 anayeishi Marekani awemo, na hapo ndipo habari hii inapowagusa moja kwa moja Waafrika Mashariki, kwa sababu sharti hilo haliishii kwa raia. Linamhusu mwenye kibali cha ukazi wa kudumu, mkimbizi, anayeomba hifadhi na hata asiye na karatasi zozote, na humwacha nje mwenye viza halali ya muda kama ya masomo. Anayekaidi anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini ya hadi dola 250,000, na ingawa mashitaka ya aina hiyo hayajafunguliwa kwa miongo kadhaa, kasoro hiyo inaweza kumkwamisha mtu siku anapoomba uraia.

Minnesota ndiyo yenye jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, pamoja na Waoromo, Wakenya na wengine, na miji ya kaskazini mwa Minneapolis hadi Anoka imekuwa sehemu ya makazi yao. Baadhi yao wametoka katika nchi ambako kuandikwa jeshini hakukuwa jambo la barua. Katika Ethiopia ya utawala wa Derg, sheria ya utumishi wa lazima ya mwaka 1983 iliwafanya vijana wa vijijini wakimbilie maporini, na nchini Eritrea utumishi uliotangazwa mwaka 1995 kuwa wa miezi 18 umewashika watu kwa miaka isiyo na kikomo. Kwa familia kama hizo, fomu inayomtaka kijana ajaze jina na tarehe ya kuzaliwa ina historia ambayo anayeituma haioni.

Hakuna wito wa lazima Marekani leo, na Bunge halina budi kupitisha sheria mpya kabla ya wito huo kurudi. Bodi za mitaa, hata hivyo, hazikufutwa. Wajumbe wake wanaendelea kuteuliwa na kupewa mafunzo ya kuamua nani aahirishiwe na nani asamehewe kwa sababu ya dhamiri, kisha wanarudi majumbani kwao kusubiri siku ambayo huenda isifike. Masharti ya ujumbe ni mepesi: awe raia, awe ametimiza miaka 18, aishi katika eneo la bodi yake, na asiwe askari wa jeshi au wa polisi.

Mhamiaji kutoka Malindi au Machakos aliyepata uraia akiwa Anoka anatimiza masharti hayo. Kama vita vitakuja na daftari likafunguliwa, mashauri ya vijana wa mtaa yatapelekwa kwa wale waliokubali kuteuliwa wakati wa amani, na hao watalazimika kuamua juu ya watoto wa majirani zao wakiwa wanajua kwamba kila jina watakaloliacha litaleta jina linalofuata.